Viti sita vitupu: mpango wa safari ya kando ya ziwa, kutoka Mubi mpaka Goma

(Maneno ambayo komite ilisoma mbele ya wanamemba, mkutano mkuu wa Mubi, mwisho wa mwezi wa sita 2023. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa marafiki wanaotutegemeza.)



Mbele ya kuingia hapa, mama mmoja wa muso alituuliza swali kule nje: "Sasa makuta yetu inaenda kutembeza watu kando ya maji?" Watu walicheka. Lakini yeye hakucheka, na sisi wa komite hatukucheka. Ni swali la haki. Maneno yote tunayosema leo ni jibu lake.

Kwanza, tukumbuke kosa letu la mwaka jana. Tulituma habari kwa simu kwa ndugu zetu walio upande wa Sake na Minova: "Mubi imetulia, mrudie tu." Haikuwa uongo wote. Soko lilikuwa limefunguliwa, masomo yalikuwa yanaendelea. Lakini hatukusema kama mashamba mengi yalikuwa na watu wengine ndani, wala kama nyumba nyingi zilibaki miti bila mabati. Familia moja ilisikia sauti yetu, ikauza vyombo, ikabeba watoto, ikarudia. Ilikuta shamba linalimwa na mwingine. Ililala mu chumba cha kanisa miezi mitatu. Baba wa familia ile yuko hapa kati yetu leo. Hakutulaumu mbele ya watu, na hiyo ndiyo ilituumiza zaidi.

Kisha tulifanya safari moja kwenda kuwaona wengine, nayo ikaharibika. Tulikodi gari bila kuandika mapatano. Shofere akajaza magunia ya watu wengine juu ya viti vyetu. Tulilala Hombo siku mbili bila mpango, makuta ya njia ikaisha, tukarudi bila kufika. Sisi komite tulikaa miezi minne bila kutoa hesabu. Leo tunasema wazi: ilikuwa kosa letu.

Ndiyo sababu mwaka huu tumeleta mpango kwenye karatasi, na tunausoma mbele yenu mbele ya kugusa hata franka moja.

Njia tutakayopita

Mnajua kama Goma ndio mji mkuu wa jimbo letu. Lakini sisi wa Mubi, ili tufike Goma kwa gari, inatupasa kutoka kwanza mu Kivu ya Kaskazini, tupite Kivu ya Kusini, kisha turudie tena kwetu. Njia fupi ya Walikale, Masisi na Sake, kila mtu anajua hali yake: matope, madaraja, na usalama unaobadilika kila juma. Hatutapeleka watu kule.

Siku ya kwanza tutatoka Mubi kwa pikipiki mpaka Walikale, tuvuke Lowa, tupite Itebero na Musenge, tulale Hombo. Pikipiki ni kwa sababu gari linaweza kulala mu shimo siku mbili, lakini pikipiki watu wanaiinua kwa mikono.

Siku ya pili tutavuka daraja la Hombo. Upande huu ni Kivu ya Kaskazini, upande ule ni Kivu ya Kusini. Ni jina moja na mji mdogo mmoja, uliogawanywa na mto. Kule tutapanda basi dogo la viti 14. Tutapita Bunyakiri kwa Watembo, kisha tutapanda mu pori la juu la hifadhi ya Kahuzi-Biega, fasi ya sokwe wakubwa, mpaka Tshivanga, halafu tushuke Miti. Mule mu hifadhi hatusimami ovyo, na hatununui nyama ya pori. Kule Miti, mwenye kwenda Bukavu anashika kuume. Sisi tutashika kushoto: Kavumu, kisha Katana, tulale Katana.

Kutoka pale ndipo ziwa linaanza kutusindikiza.

Siku ya tatu itakuwa fupi kwa makusudi: Katana mpaka Kalehe. Siku ya ine tutapita Bushushu na Nyamukubi, tupande milima ya Nyabibwe, tushuke Minova. Siku ya tano tutapita Bweremana, Shasha, Kirotshe na Sake, tuingie Goma. Tutakaa Goma siku tatu, kisha turudie njia ileile siku tano. Zote ni siku 13.

Mtauliza: kwa nini tusiende Bukavu tupande boti, tufike Goma siku ileile? Vijana wengine waliuliza hivyo. Boti inafika mbio, ni kweli. Lakini boti inaruka watu wetu. Wale tunaowatafuta hawako wote Goma. Wako Kalehe, wako Minova, wako Bweremana na Sake, mu nyumba za watu waliowapokea. Mwenye kupita katikati ya ziwa ataona milima tu. Hataona nani anaishi pale.

Neno juu ya uzuri

Wengine walinong'ona kama komite inataka "kutalii". Tuseme ukweli: njia ile ni nzuri sana. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kupita bahari, na kina chake kinafika karibu mita 480. Asubuhi ukungu unakaa juu ya maji, Idjwi inaonekana kama mgongo wa mnyama aliyelala. Mangaribi wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka, wakiimba ili mikono iende pamoja. Wanatafuta sambaza. Wazee wa kule watakwambia samaki yule hakuwa wa ziwa lile. Aliletwa kutoka Tanganyika mu miaka ya 1950, na leo ndiye anajaza sahani za Goma na Bukavu. Alifika kama mgeni, sasa ni yeye anakulisha wenyeji. Sisi tuliowahi kuwa wageni kule tunasikia neno lile kwa masikio yetu wenyewe.

Lakini wengi kati yetu tulipita njia ile mara moja, tukiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Nani aliangalia ziwa? Tuliangalia miguu ya yule aliyetutangulia. Watoto wetu wanakumbuka bariera, njaa, na mvua. Kama tukipita safari hii mchana, polepole, tukisimama na kusalimia, haiko anasa. Ni kuondoa hofu ya barabara ndani ya watu wetu. Mtu anayeogopa njia hawezi kuamua vizuri kama atarudia ao atabaki.

Fasi tatu za kusimama

Kalehe na Nyamukubi: kutoa pole. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka huu, siku ya soko kule Nyamukubi, mvua ilishusha mito, mawe na udongo kutoka mlimani. Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawajaonekana mpaka leo. Kati ya familia zile kuna zilizotupatia sisi unga na mahali pa kulala tulipokuwa tunakimbia. Hatupiti pale na mikono mitupu. Kila kundi la muso litatoa kibidoni kimoja cha mawese; wenye mchele walete mchele. Hatutapiga picha za makaburi. Tutakaa, tutanyamaza, tutawasikiliza, tutatoa, tutaenda.

Minova: kujifunza. Kule kuna wakulima wa kahawa waliojiunga mu kopeyative ya SOPACDI. Zamani watu wa pande zile walikuwa wanavusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza Rwanda, na wengi walizama. Walipopata wenyewe mashine ya kuosha kahawa na soko la wazi, wakaacha kuhatarisha maisha juu ya gunia moja. Sisi na mawese yetu, na mpunga wetu, tunauzia mpita njia wa kwanza kwa bei anayotaka yeye. Wanamemba wawili watabaki Minova siku moja, wauliza maswali, waandike.

Sake: kuangalia. Barabara ya Sake mpaka Goma inapita juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Mengine ni ya Nyamulagira, yaliyoshuka mpaka ziwani mwaka 1938. Mu mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma wenyewe walibeba magodoro wakakimbilia Sake na Minova. Kwa hiyo hata wenyeji wetu wanajua ukimbizi ni nini. Angalisho kwa wote: pande zile kuna mazuku, hewa mbaya inayokaa mu mabonde na mashimo, haina moshi, inaua mtu na mbuzi. Hakuna kulala chini fasi za mabondeni, hakuna kumtuma mtoto kule asubuhi mapema. Tutamuuliza mwenyeji kwanza, kila mara.

Viti sita

Sasa tumefika kwa neno kubwa. Basi lina viti 14. Watakaotoka Mubi ni wanane: wanawake wanne, wanaume wanne, na kati yao yule baba tuliyemponza mwaka jana. Tulimuomba aende yeye, kwa sababu ndugu zetu kule watamwamini kuliko komite. Alikubali kwa sharti moja: aseme anachotaka, bila sisi kumkatiza. Tulikubali.

Viti sita vitaenda vitupu. Tunajua itakuwa kishawishi. Njiani kila mtu atataka kupanda, shofere atataka kuuza, na sisi wenyewe tutawaza "tupate franka kidogo." Hapana. Viti vile vina wenyewe. Familia sita zilizo upande wa Kalehe, Minova, Sake na kambi za Bulengo na Mugunga zitachagua kila moja mtu mmoja, aje naye Mubi kuona kwa macho. Ataona shamba lake liko na nani. Ataona kituo cha afya na dawa zilizoko. Ataingia mu darasa ahesabu watoto. Atalala hapa juma moja, atasikia usiku wetu unavyokaa. Kisha tutamrudisha. Akisema kwa watu wake "turudie", ni yeye alisema. Akisema "bado", tutaheshimu, na kiti chake hakitahesabiwa hasara.

Marafiki wanaotutegemeza, tunawaomba mlisikie vizuri neno hili. Hatutahesabu safari hii kwa wingi wa waliorudia. Ikiwa wote sita wataona na kusema "bado", safari itakuwa imefanya kazi yake.

Makuta

Yule mama wa swali, hapa ni jibu lako. Kasha la wagonjwa halitaguswa, hata kama safari itakwama. Ufunguo wake utabaki Mubi kwa wanawake watatu ambao hawasafiri. Nusu ya gharama ni msaada wa marafiki, uliotolewa kwa kazi hii peke yake. Nusu ni mchango wetu. Mapatano na shofere yataandikwa, na malipo yatatoka mara tatu: Hombo, Goma, na Hombo wakati wa kurudi. Kwa kurudi tutahitaji pikipiki sita zaidi; tumeziweka mu hesabu. Kwenye kila bariera mwandishi ataandika fasi, saa, na kiasi kilicholipwa, hata kama hakuna risiti. Hesabu yote itasomwa hapa juma la pili kisha kurudi, na itachapwa mu gazeti.

Kila msafiri awe na karte yake mpya ya uchaguzi, mana ndiyo kitambulisho chetu. Tutatembea mchana tu. Kila mangaribi tutapiga simu Mubi. Tukisikia habari mbaya mbele yetu, tutarudi nyuma bila haya. Hata kurudi Hombo siku ya pili si aibu, kama tutakuja kutoa sababu na hesabu.

Neno la mwisho ni la mzee mmoja wa hapa, aliyevua samaki Lowa tangu utoto. Alitukumbusha kama maji ya ziwa Kivu yanashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, yanatoka kwa Lukuga, yanaingia mu Lualaba. Na Lowa yetu nayo inamwagikia Lualaba. Alisema: "Yanazunguka mbali, lakini yanakutana." Sisi pia tutazunguka mbali, mu majimbo mawili, ili tukutane na watu wetu.

Sasa tunangoja maswali yenu. Mama, wewe uanze.