Mshale wa Mafuta Kushuka Gari Likiwa Limeegeshwa



Nimeombwa nizungumzie jambo linalozua maneno vituoni kwetu. Gari huegeshwa Ijumaa mshale wa mafuta ukiwa nusu. Jumatatu hukutwa umeshuka, na papo hapo mtu hunyoshewa kidole.

Ndani ya tangi mna boya lililoshikizwa kwenye mkono wa chuma. Boya hilo halihesabu lita. Hufuata kina cha mafuta mahali lilipo. Wenzetu wa Kisarawe wanavijua vilima vyao: gari likilala mteremkoni, mafuta huegemea upande mmoja wa tangi, na mshale huweza kushuka au kupanda pasipo tone kupotea. Lilete gari hilohilo Kibaha, uliweke mahali tambarare, nalo litasema jingine.

Miaka ya nyuma, katika ofisi nisiyoitaja, mlinzi alikatwa mshahara kwa ushahidi wa mshale. Nami nilitia saini barua ile. Baadaye gari liliposogezwa uwanjani, mshale ulirudi palepale ulipokuwa. Fedha zake hazikurudi.

Ubaridi wa alfajiri nao hupunguza ujazo, ila kidogo: lita 40 za petroli zikipoa kwa nyuzi 10, hupungua kwa chini ya nusu lita. Petroli pia huvukiza, hasa mfuniko ukiwa umelegea. Dizeli haivukizi kiasi cha kuonekana kwenye mshale; kwa hiyo dereva wa dizeli asiniambie kuwa jua limekunywa mafuta. Huyo aangalie doa chini ya gari, anuse, akague mipira iliyochakaa, kisha amwite fundi apime boya na nyaya zake. Wizi upo, sikatai, lakini uchunguzwe baada ya hayo.

Tangu sasa, gari liegeshwe mahali pamoja palipo tambarare. Dereva na mlinzi wasome mshale pamoja, swichi ikiwa imewashwa, waandike kipimo na kilomita, watie saini wote wawili. Penye shaka, tangi lijazwe pomoni, gari lilale, asubuhi lijazwe tena palepale. Lita zitakazoongezwa ndizo zilizopungua.

Kwa magari ya wagonjwa, ukaguzi huo ufanyike kila jioni. Simu kutoka Maneromango haichagui saa.