Video Safi kwa Familia: Tunajifunza Nini kwa VidAngel?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika na wafadhili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Nimepewa nafasi hii kwa sababu mezani kwangu yapo maombi kutoka sharika tatu. Zote zinaomba kitu kimoja: projekta, intaneti, na malipo ya mwaka mzima ya huduma ya Marekani inayoonyesha filamu za kifamilia kwa njia ya intaneti. Sababu yao ni nzuri. Wanasema vijana wa kipaimara wanakesha kwenye vibanda umiza, na yanayoonyeshwa huko baada ya saa tatu usiku tunayajua. Mmoja wa wageni wetu amesema yuko tayari kulipia mwaka wa kwanza.

Kabla hatujasema ndiyo, naomba niungame jambo moja.

Miaka karibu ishirini iliyopita nilikuwa katibu wa vijana katika usharika mmoja. Tulikuwa tunaezeka nyumba ya mwinjilisti na bati zilikuwa zimepungua. Nikanunua DVD za kunakili kando ya stendi, tukakodi jenereta, tukafunga shuka jeupe ukutani na kutoza shilingi 500 kwa kichwa. Filamu zilikuwa safi kabisa, hakuna matusi wala uchi. Tulipata fedha. Siku ya kusoma mapato, mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza, "Na mwenye filamu mmempa ngapi?" Tulicheka. Yeye hakucheka. Nyumba ile ipo hadi leo, na kila nikipita naliona swali lake juu ya bati.

Nimeanza na hilo kwa sababu historia ya huduma ninayotaka kuwaeleza ni swali lile lile la mzee wetu, ila kwa hesabu ya mamilioni ya dola.

1. VidAngel ilianzaje?

VidAngel ilianzishwa katika jimbo la Utah, Marekani, na ndugu wa familia ya Harmon. Walikuwa wazazi waliotaka kuangalia filamu kubwa za Hollywood pamoja na watoto wao bila matusi, uchi na damu. Wakatengeneza chujio: mzazi anachagua asichotaka, na programu inaruka sehemu hiyo au inazima sauti.

Wazo lenyewe halikuwa kosa. Mwaka 2005 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu familia kuchuja filamu nyumbani kwao, mradi nakala inayochujwa iwe imepatikana kwa njia halali. Mwaka uliofuata, 2006, mahakama ya Colorado iliwazuia watu wengine waliokuwa wakikata filamu wenyewe na kuuza nakala zilizokatwa. Kwa hiyo mpaka ulikuwa unajulikana: chuja nyumbani kwako, lakini usitengeneze nakala ya mali ya mtu ukaiuza.

VidAngel walitafuta njia ya katikati. Walinunua diski halali, wakafungua kufuli lake la elektroniki, wakaiweka filamu kwenye kompyuta zao na kuirusha kwa wateja. Mteja "alinunua" filamu kwa dola 20, na akimaliza aliirudisha akapewa salio la dola 19 akiirudisha ndani ya siku moja. Yaani kwa dola 1 tu alikuwa ameangalia filamu. Wenye filamu hawakuwa wametoa kibali chochote.

Juni 2016 kampuni za Disney, Lucasfilm, Twentieth Century Fox na Warner Bros. zikawashtaki. Desemba mwaka huo mahakama iliwaamuru wasimame. Wakakata rufaa, wakashindwa mwaka 2017, na Oktoba wakaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Juni 2019 baraza la mahakama likaamua walipe zaidi ya dola milioni 62. Hesabu ilikuwa rahisi: filamu 819, kila moja dola 75,000, na nyongeza kwa kuvunja yale makufuli. Mwaka 2020 pande mbili zilipatana, deni likashushwa hadi dola milioni 9.9, zilipwe kwa muda wa miaka 14.

Ndugu zangu, hawa walikuwa watu wa dini, wenye nia njema, na familia nyingi ziliwapenda. Nia njema haikuwa kibali.

2. Walifanya nini baadaye?

Hapa ndipo ninapowasifu. Badala ya kuendelea kusafisha vya wengine, walianza kusaidia kutengeneza vyao. Mwaka 2017 walianza Dry Bar Comedy, vichekesho visivyo na matusi vinavyorekodiwa Provo, Utah. Kisha ukaja mfululizo wa The Chosen wa Dallas Jenkins, juu ya maisha ya Yesu na wanafunzi wake. Watu zaidi ya 16,000 walichangia zaidi ya dola milioni 10, wengi wao kiasi kidogo kidogo. Sisi tunaojua harambee tunaelewa maana yake: mfadhili mmoja mkubwa akiondoka mradi unakufa, lakini wadogo elfu kumi na sita hawaondoki siku moja.

Mwaka 2021 kampuni ikajiita Angel Studios, na kazi ya chujio ikauzwa ikaendelea peke yake kwa jina la VidAngel. Chujio la sasa linafanya kazi juu ya akaunti ambayo mteja mwenyewe anailipia kwenye huduma nyingine, kwa hiyo mwenye filamu anapata haki yake. Angel nao wakaanzisha chama kiitwacho Angel Guild. Wanachama wanalipa ada, wanaangalia vipindi, na wanapiga kura kuamua filamu ipi itolewe. Mwaka 2023 walitoa filamu ya Sound of Freedom, iliyoingiza takriban dola milioni 250 duniani. Mwaka 2025 wanachama walivuka milioni moja, na Septemba mwaka huo hisa za kampuni zikaanza kuuzwa katika soko la New York.

3. Je, kila kilichomo ni cha familia?

Hapa naomba kamati ziwe makini, maana neno "familia" linauza.

Sound of Freedom inahusu biashara ya kuuza watoto. Ni jambo ambalo kanisa lazima lilijue, lakini mimi kama mzazi siwezi kuiweka mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili. Tuttle Twins ni katuni ya watoto isiyo na tusi hata moja. Lakini inafundisha siasa na uchumi: soko huria, na kutilia shaka mamlaka ya serikali. Mzazi anaweza kukubali au kukataa mafundisho hayo. Asichoweza ni kudai hayapo. Chujio la matusi haliyaoni.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi Walutheri moja kwa moja. Novemba 2024 Angel walitoa filamu juu ya mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyeuawa na Wanazi katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Tangazo la Marekani lilimwonyesha ameshika bastola. Kabla filamu haijatoka, watu wa ukoo wake na wataalamu wa maandiko yake walilalamika hadharani kwamba jina lake linatumiwa vibaya na wenye siasa kali. Waigizaji wa filamu wenyewe walitoa tamko la kupinga matumizi hayo. Je, mjumbe wa kamati ya vijana anayeweka filamu ile Jumamosi jioni, na hajawahi kusikia habari za Bonhoeffer, ataweza kujibu maswali ya vijana? Filamu safi bado inahitaji mwalimu.

4. Huduma hii ina mustakabali gani?

Tumeona kwamba ndani ya miaka kumi huduma moja imebadilisha kazi, jina na muundo wa umiliki. Zaidi ya hapo, The Chosen, mfululizo uliowaleta watu wengi, haupo tena mikononi mwao. Mwaka 2024, baada ya mgogoro wa mkataba uliopelekwa kwa msuluhishi, pande hizo mbili ziliachana, na Angel wakaendelea bila mfululizo huo. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa sasa ina wanahisa wanaotazama faida pamoja na wanachama wanaotazama maadili. Mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, lakini si kila siku.

Kwa upande wetu maana yake ni hii: anayelipia huduma ya namna hii anapanga chumba, hajengi nyumba. Kile alichokipenda kinaweza kuhamishwa usiku, na mwaka wa ufadhili ukiisha, mlango unafungwa.

Yako na mambo mengine mawili ya vitendo. Kwanza, akaunti ya nyumbani ni ya nyumbani. Masharti ya kawaida ya huduma hizi hayaruhusu kuonyesha hadharani ukumbini, wala kutoza kiingilio, bila kibali maalumu. Na hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ipo COSOTA, na ipo Bodi ya Filamu. Tukiweka projekta na akaunti ya mtu mmoja mbele ya vijana 80, tumerudi kwenye shuka langu jeupe. Pili, video inakula sana bando. Katika huduma kubwa, saa moja ya picha ya kawaida inatumia takriban GB 0.7, na picha angavu inaweza kufika GB 3. Nani atalipa mwezi wa kumi na tatu?

5. Mapendekezo

Sipendekezi tukatae maombi haya. Vijana wako vibandani leo, na kuwakemea kutoka mimbarani peke yake hakutawatoa. Napendekeza tuyaandike upya hivi:

(a) Projekta na spika ziendelee kuombwa, kwani zitabaki mali ya usharika na zitatumika pia kwa semina za afya na kilimo.

(b) Badala ya akaunti ya kulipia kila mwezi, tuanze na kazi zilizopo kwa Kiswahili zenye njia wazi ya kupata kibali. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979 imetafsiriwa kwa Kiswahili, na wazee hapa wanakumbuka ilivyoonyeshwa viwanjani. Ubongo Kids na Akili and Me zinatengenezwa na shirika la Ubongo lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Zinafundisha hesabu, sayansi na tabia njema kwa Kiswahili ambacho mtoto wa kijijini anakielewa bila mkalimani. Tuwaandikie wahusika barua, tuombe kibali cha kuonyesha, na barua iwekwe kwenye faili la usharika.

(c) Kila usharika uteue watu watano wa kuangalia kwanza: mzazi wa kike, mzazi wa kiume, mwalimu, na vijana wawili. Angel wanawaachia wanachama wapige kura. Sisi tushindwe nini? Kijana aliyeshiriki kuchagua atakuja na wenzake.

(d) Baada ya kila onyesho, dakika 30 za mazungumzo, na mtu aliyejiandaa kuyaongoza.

(e) Kwa wafadhili wetu: fedha mlizokusudia kulipia huduma ya mwaka mmoja, tunaomba zigharimie mafunzo ya vijana wachache watakaojifunza kurekodi. Tuna kwaya, tuna bibi wanaojua hadithi, na simu ya kawaida siku hizi inarekodi picha nzuri. Kazi ya kwanza itakuwa na mapungufu. Lakini mtu akiuliza mwenye filamu amepewa ngapi, jibu tutakuwa nalo.

Ndugu wajumbe, wale wa VidAngel walitumia miaka mingi wakilinda masikio ya watoto, na wakajikuta mahakamani kwa sababu ya kufuli walilofungua. Watoto wetu wanasikia tusi la kwenye filamu. Lakini wanatuona pia sisi tunavyoipata filamu hiyo. Mzee yule aliyeniuliza amekwisha kulala katika Bwana. Sikuwahi kumjibu. Maombi ya sharika hizi tatu yakirudi mezani kwangu yameandikwa upya, nitayasaini kwa furaha, na nitahesabu kwamba nimemjibu.