Deni la Kadi ya Gari: Butura Iliyobadili Nguo

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama cha Msingi mbele ya mkutano wa sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama Kikuu, Ndugu Mgeni wa Heshima, Ndugu Wajumbe wa Bodi, wazee wangu, na ninyi wanachama wote mliofika kutoka vyama vya msingi vya karibu na vya mbali:

 

Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza vizuri habari za maghala tuliyojenga na kahawa tuliyokusanya katika miaka hii kumi. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisilopendeza masikioni siku ya furaha, nalo ni magari na pikipiki za wanachama wetu zinazochukuliwa na wakopeshaji kwa sababu ya madeni. Nimeikubali kazi hiyo kwa moyo mmoja. Siku ya kutimiza miaka kumi ni siku ya ngoma, lakini ni siku ya hesabu pia.

Hapa Kagera hakuna asiyejua maana ya butura. Mkulima mwenye shida humwendea mwenye fedha, akamwuzia kahawa ingali mtini, mbichi, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya msimu. Mavuno yakifika, jasho ni la mmoja na faida ni ya mwingine. Kumwokoa mkulima na unyonge wa namna hiyo mbele ya mfanya biashara ni miongoni mwa sababu zilizowafanya wazee wetu waungane. Wenzetu wa Kilimanjaro walianzisha Chama Kikuu chao, KNCU, mwaka 1933, na huku kwetu Bukoba Native Cooperative Union ikaandikishwa mwaka 1950. Serikali nayo imeipiga marufuku butura. Lakini, ndugu zangu, nadhani mtakubaliana nami kwamba butura haijafa. Imebadili nguo tu. Aliyekuwa akiweka rehani kahawa iliyo mtini, leo anaweka rehani kadi ya gari.

Jambo lenyewe huenda hivi. Mwanachama ana gari dogo la mizigo, au pikipiki, alilolipata kwa miaka mingi ya kujinyima. Mwezi wa Januari ada za shule zinadaiwa, au mgonjwa yuko hospitali. Anakwenda mjini kwa mkopeshaji. Haulizwi mengi. Anatoa kadi ya gari ile iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato, anaacha ufunguo wa pili, anatia sahihi karatasi mbili tatu, na jioni ile ile anarudi nyumbani na fedha. Gari nalo linarudi naye. Hapo ndipo utamu wa mkopo huu ulipo, na hapo ndipo mtego wake ulipo. Mtu huliona gari lake uani kila asubuhi, akasahau kwamba limekwisha kufungwa kamba ambayo ncha yake iko mkononi mwa mtu mwingine.

Wako wanaosema kwamba wanaonyang'anywa magari ni wavivu au walevi. Mimi kwa kazi yangu ya kuandika vitabu vya chama ninawajua wengi wao, na naweza kusema kwamba sivyo. Wengi ni wakulima hodari. Kinachowaangusha ni kalenda. Mkopeshaji anataka rejesho kila mwezi, na wengine kila wiki. Mkahawa hauzai kila mwezi. Sisi huanza kuchuma kahawa yetu ya maganda mwezi wa Mei au Juni, na fedha huja baada ya mnada. Mtu aliyekopa Januari na kutakiwa kuanza kulipa Februari hukopa kwa pili ili alipe kwa kwanza, na ifikapo Aprili hana tena pa kukopa. Kwa hiyo swali la kwanza la mkulima anayetaka kukopa lisiwe "Nitapewa kiasi gani?" bali liwe "Siku ya kulipa, nitakuwa na nini mkononi?"

Swali la pili ni la riba, na hapa naomba tufanye hesabu pamoja. Tuseme mwanachama amekopa shilingi 3,000,000. Benki Kuu ya Tanzania imetangaza kwamba wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, wasitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho riba ya mwezi mmoja ni shilingi 105,000, na ya miezi mitano ni shilingi 525,000. Sasa tuseme amekwenda kwa mkopeshaji wa kichochoroni, wa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, akatozwa asilimia 20 kwa mwezi. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 600,000. Kwa miezi mitano ni shilingi 3,000,000, na zile 3,000,000 za mwanzo bado ziko pale pale. Asiyejua kusoma hesabu hiyo na amwombe mtoto wake amsomee kabla ya kutia sahihi, wala asione haya.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni. Basi kabla ya kutoa kadi, mwanachama na aombe kuiona leseni, na apewe nakala ya mkataba wake kwa lugha anayoielewa. Na zaidi ya yote, asitie sahihi hati ya mauziano ya gari, wala karatasi yoyote iliyo wazi. Mkopo ni mkopo na mauzo ni mauzo. Mtu aliyetia sahihi kwamba ameuza, siku ya mashaka atapata kazi kubwa kueleza kwamba alikuwa amekopa.

Sasa niseme juu ya yule ambaye maji yamekwisha kumfika shingoni, ameshindwa kulipa rejesho moja au mawili. Desturi yetu ni kujificha. Simu inazimwa, na gari linapelekwa kwa shemeji kijiji cha mbali. Hilo halifai kabisa. Magari mengine yamefungwa kifaa kidogo kinachoonyesha mahali yalipo. Na hata pasipo kifaa, kila siku ya kujificha huongezewa adhabu ya kuchelewa na gharama za kutafutwa. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa leo, dawa yake ni kusema leo. Na aende kwa mkopeshaji mwenyewe, kabla dalali hajatumwa, apeleke alicho nacho hata kama ni kidogo, aeleze msimu wake unafungua lini, na aombe marejesho yapangwe upya. Wakikubaliana, iandikwe. Ahadi ya mdomo haina shahidi. Na kila shilingi aliyolipa awe na stakabadhi yake.

Pengine ataona kwamba hawezi kulimudi deni hilo kwa njia yoyote. Hapo ni afadhali auze gari mwenyewe, mkopeshaji akijua na kukubali kwa maandishi, kuliko kungoja lipigwe mnada. Mwenye gari humtafuta mnunuzi kwa utulivu, mnada haungoji.

Na kama dalali amekwisha kufika mlangoni, tusipigane. Ngumi hazijapata kufuta deni. Lakini kutopigana si kunyamaza. Mwanachama ana haki ya kumwuliza mtu huyo jina lake, na kumtaka aonyeshe barua iliyomtuma na mkataba unaompa mkopeshaji ruhusa ya kulichukua gari. Amwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji awe shahidi. Iandikwe orodha: tairi la akiba, jeki, maturubai, hali ya bodi, na kilomita zilizosomwa. Orodha hiyo itiwe sahihi na pande zote mbili. Akija mtu na vitisho, au na watu wa kuvunja mlango usiku, hilo ni jambo la kupeleka polisi.

Aidha kuna jambo linalotuhusu sisi wote. Mara nyingi gari la mwanachama mmoja hubeba kahawa ya wenzake kuipeleka ghalani. Gari likizuiwa njiani, magunia yaliyomo si dhamana ya deni la dereva. Ni mali ya watu wengine, na yashushwe pale pale mbele ya shahidi, yahesabiwe, na Katibu wa chama cha msingi ajulishwe siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo naomba kila karani asiruhusu mzigo uondoke pasipo hati yenye majina na uzito.

Gari likiisha kuchukuliwa, watu wengi hukata tamaa na kukaa kimya. Hapo ndipo wanapopoteza zaidi. Andika barua, uombe hesabu kamili: mkopo uliobaki ni kiasi gani, riba kiasi gani, adhabu kiasi gani, dalali na ulinzi wa yadi kiasi gani. Uliza ni lini gari litauzwa, na ni fedha kiasi gani zitakazolikomboa kabla ya siku hiyo. Katika Sheria ya Mikataba, mwenye kushika rehani hana budi kumpa mwenye mali taarifa ya kutosha kabla ya kuuza, na bei ikizidi deni, ziada ni ya mwenye mali.

Nitoe mfano. Deni ni shilingi 4,200,000, na gharama ni 500,000. Jumla ni 4,700,000. Gari likiuzwa kwa 5,500,000, shilingi 800,000 ni zako, nawe una haki ya kuzidai. Likiuzwa kwa 3,500,000, gari limekwenda na bado unadaiwa 1,200,000. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuchukuliwa gari ndiyo kumalizika kwa deni. Asipopata majibu kwa mkopeshaji, malalamiko yake ayapeleke Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo inayowasimamia wenye leseni, au apate ushauri wa mwanasheria.

Neno langu kwa viongozi wenzangu ni fupi. Kadi ya lori la chama si kadi ya Mwenyekiti wala ya Katibu. Ni mali ya wanachama. Kila chama kina ukomo wake wa madeni, unaopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Kiongozi anayeweka kadi hiyo rehani kwa siri ili apate fedha za kununulia mafuta au magunia, hata kama nia yake ni njema, anahatarisha usafiri wa kijiji kizima katika wiki zile ambazo kahawa inatakiwa ifike ghalani. Vivyo hivyo nyumbani. Mume asiweke rehani gari la nyumba bila mkewe kujua, wala mke vivyo hivyo, maana siku dalali atakapokuja, wote wawili watatembea kwa miguu.

Ndugu Mwenyekiti, kuonya bila kutoa njia nyingine ni kama kumkataza mwenye kiu asinywe maji ya dimbwi huku kisima kimefungwa. Mtu huenda kwa kausha damu kwa kuwa ada za shule hazingoji mnada. Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu yafikiriwe katika Mkutano Mkuu ujao.

La kwanza, SACCOS zetu, zinazosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, zipange mkopo wa ada na wa matibabu ambao marejesho yake yanafuata msimu wa kahawa, yakikatwa katika malipo ya mwanachama kwa ridhaa yake ya maandishi. La pili, kila chama cha msingi kiwe na siku moja ya juma ambapo mwanachama anaweza kuleta mkataba wa mkopo usomwe na kuhesabiwa naye kabla hajatia sahihi, bila malipo na bila kutangazwa. La tatu, Chama Kikuu kizungumze na Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, juu ya namna ya kuwasaidia wanachama walionaswa katika riba kubwa waweze kuhamishia madeni yao mahali penye riba ya halali, wakiwa na uwezo wa kuyalipa.

Mapendekezo haya yatahitaji fedha, nasi tunajua kwamba SACCOS haziwezi kukopesha kile ambacho wanachama hawajaweka. Kwa hiyo kila mmoja wetu, fedha za msimu huu zikiingia, na aweke akiba kidogo kabla hajafika sokoni. Akiba ya Septemba ndiyo ada ya Januari. Wazee wetu waliitoa kahawa yao mikononi mwa wenye butura kwa kuchanga kidogo kidogo, wala hawakuwa matajiri kuliko sisi.

 Mungu akipenda, tukutane tena hapa baada ya miaka kumi mingine, na kila aliyekuja leo na gari lake aje nalo, au na lililo bora zaidi, kadi yake ikiwa ndani ya sanduku lake mwenyewe.

Udumu Ushirika.