Tutoeni Mtoni: Risala ya Vijana Waosha Pikipiki

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu pamoja na kamati yako,
Viongozi wa serikali ya kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, mama zetu,
Ndugu zetu mliosafiri kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na hata ng'ambo ya Songwe,



Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha tena nyumbani tukiwa wazima. Tunaishukuru pia kamati kwa kutupa dakika kumi za kusoma risala hii. Mwaka jana hatukupewa nafasi, na kwa kweli hatukuistahili. Mwaka jana sisi ndio tuliokuwa tunalalamikiwa.

Sisi ni vijana kumi na mmoja, tisa wa kiume na wawili wa kike. Wengine tuliishia darasa la saba, wengine kidato cha nne. Kazi yetu ni kuosha pikipiki kwa malipo. Wapo wanaotuona vijiweni na ndoo zetu wakadhani tunapoteza muda. Leo tunaomba tuieleze kazi hii, tukiri kosa letu, kisha tuseme tunachoomba.

KAZI YENYEWE

Wazee wetu mnaikumbuka Kyela ya baiskeli. Bonde letu ni tambarare, na baiskeli ndiyo iliyobeba mchele, ndizi na abiria. Hata jina bodaboda lilianza na baiskeli, kule mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalirithi. Leo pikipiki ndiyo inayomfuata mkulima shambani. Inatoa kakao na mpunga, inaleta usipa na mbasa kutoka Matema, inamkimbiza mama mjamzito zahanati usiku wa manane.

Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema ni ya lami, na tunashukuru. Lakini mkulima halimi kwenye lami. Ukiiacha tu umeingia njia za majaruba, na mvua za kwetu mnazijua, hasa Machi mpaka Mei. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna ile chumvi ya pwani inayokula vyuma. Adui yetu ni tope. Tope la majaruba likikauka linakuwa kama tofali. Linaziba mapezi ya injini yanayopitisha upepo, injini inachemka. Linasaga cheni na spoketi. Linaficha nati iliyolegea. Na yale maji ya kakao mbichi ni machachu. Yakidondokea chuma yakaachwa hapo, rangi inaanza kubabuka.

Kuosha pikipiki si kumwaga maji. Kwanza tunaiacha injini ipoe, maana chuma cha moto hakitaki maji ya ghafla. Tunaziba mdomo wa eksozi na kufunika tundu la ufunguo. Kisha tunalowesha tope mpaka lilainike lenyewe. Ukilisugua kavu, mchanga wake unachora tangi. Tangi na siti tunaosha kwa sponji na sabuni ya maji, rimu na spoku kwa brashi. Cheni ina brashi yake na mafuta ya taa kidogo. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Tukimaliza tunakausha kwa kitambaa, tunapaka cheni oili, tunang'arisha plastiki. Kwenye siti na kwenye tairi hatupaki king'arishi hata mteja akitubembeleza, kwa sababu kinateleza na kitamwangusha. Mwisho tunajaribu breki mara kadhaa kutoa maji, na tunamwambia mwenye chombo aanze safari pole pole.

Kuosha kawaida ni shilingi 1,500. Kuosha, kusafisha cheni na kung'arisha ni shilingi 3,000. Katika kila malipo tunatoa shilingi 300 tunaweka kwenye kopo la kikundi.

Mwosha pikipiki anaigusa kila kona ya chombo kwa mkono wake. Masika yaliyopita, chini ya tope, tulikuta nati ya ekseli ya nyuma imebakiza mizunguko miwili itoke. Pikipiki hiyo ilikuwa imetoka kushusha wanafunzi wawili. Hatukumtoza mwenyewe kitu kwa kumwambia. Tunalitaja hili ili muelewe kwamba pikipiki safi si urembo tu.

MAKOSA YETU

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuzaliwa tukiyajua haya. Tulipoazima mashine ya presha kwa mara ya kwanza tulijiona mafundi. Mmoja wetu akapiga maji moja kwa moja kwenye chujio la hewa, na pikipiki ikagoma kuwaka. Ilikuwa ya mkataba, na kijana yule alipaswa kupeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Tulinunua chujio jipya, tukalipa na hesabu ya siku mbili alizokaa bila kazi. Kopo lilibaki tupu. Tangu siku hiyo presha haikaribii chujio, nyaya wala beringi za magurudumu.

Lakini kosa kubwa zaidi halikuwa la pikipiki. Tulikuwa tunaoshea mtoni. Maji yapo, hayalipiwi, na pikipiki inaingia mpaka magurudumu yanazama. Cheni tulisafisha kwa dizeli, na waliotaka kubadilisha oili tuliwabadilishia hapo hapo. Pikipiki moja hutoa karibu lita moja ya oili chafu. Hatukujiuliza inakwenda wapi.

Asubuhi moja bibi mmoja anayechota maji chini yetu alipanda mpaka pale tulipo. Hakugomba. Alitua ndoo yake katikati yetu akasema, "Wajukuu zangu, onjeni." Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta unaong'aa rangi rangi. Hakuna aliyeonja. Wawili kati yetu ni wajukuu wake wa damu.

Baadaye mtendaji wetu alitueleza sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za namna hii ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Na wavuvi nao walikuja na lao. Mbasa hupanda mitoni msimu wa mvua kutaga mayai kwenye kokoto safi. Msimu huo huo wa tope ndio sisi tunaopata wateja wengi. Kwa hiyo kila tulipofurahia biashara, tulikuwa tunamwagia mafuta kitanda cha samaki. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inaishia ziwani. Tunachokiacha mtoni asubuhi, tunakula wenyewe jioni.

Kwenye mkutano wa kijiji wengi walisema tufukuzwe. Mwenyekiti wa kijiji akauliza swali moja: wakafanye kazi gani, na wapi? Tunamshukuru kwa swali lile. Kijiji kimetupa kipande cha ardhi kando ya barabara. Tulipima mita 60 kutoka mtoni kwa kamba, na mtendaji, ambaye bado hakutuamini, akapima tena kwa futi yake. Zimezidi.

TUNACHOOMBA

Tumeacha kuosha mtoni. Kwa sasa tunabeba maji kwa madumu, na kipato kimeshuka. Maji machafu bado yanatuama kwenye dimbwi, na mvua kubwa ikija yatatafuta njia ya mtoni. Kuhama peke yake hakujamaliza kazi.

Tunataka kujenga sehemu halisi ya kuoshea. Fundi ametuchorea. Kwanza, sakafu ya zege yenye mteremko, iliyoinuliwa juu, kwa sababu kwetu ukichimba kidogo unakuta maji na mafuriko si mgeni. Pili, shimo la kutulizia mchanga na tope. Tatu, shimo la kunasa mafuta. Mafuta huelea, bomba la kutolea maji linaanzia chini, kwa hiyo maji yanatoka na mafuta yanabaki juu, tunayakusanya kwenye dumu. Baada ya hapo maji yanapita kwenye mtaro wa kokoto. Nne, paa la bati lenye mifereji na tanki la lita 5,000. Mvua inayotupa tope ndiyo hiyo hiyo itakayotupa maji ya kuliosha.

Gharama yote ni shilingi 3,340,000. Kopo letu lina shilingi 640,000. Tunapungukiwa shilingi 2,700,000. Mchanga, kokoto na matofali tumekusanya wenyewe, havimo kwenye hesabu hiyo, na nguvu kazi ni yetu.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini wasikope halmashauri? Ni swali la haki. Tunaifahamu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, ambamo 4 ni ya vijana. Tukikamilisha usajili tutaomba, tununue mashine ya presha ya kwetu. Mashine italeta pesa na pesa italipa mkopo. Lakini shimo la kunasa mafuta haliingizi hata senti. Mteja halipi zaidi kwa sababu yake. Faida yake inamfikia bibi anayechota maji kule chini na mvuvi anayesubiri mbasa, na hao hatuwezi kuwatoza. Ndiyo maana hili hatukulipeleka kwenye mkopo, tumelileta kwenu.

AHADI ZETU

Tunaahidi mambo manne. Daftari la mapato na matumizi litakaguliwa na kamati kila baada ya miezi mitatu. Risiti za harambee hii zitasomwa hapa mwakani, hata kama hesabu itatuaibisha. Pikipiki ya zahanati tutaiosha bure siku zote. Na yeyote kati yetu akikutwa anaosha mtoni, atatoka kwenye kikundi. Tukikutwa wote, kijiji kichukue eneo kiwape wengine.

Ndugu zetu mlioko mbali, wengi wenu mlijifunza kuogelea kwenye mto huu, na mkifika hamchelewi kuulizia mbasa. Sisi hatukuomba nauli ya kuwafuata mjini. Tunaomba tubaki, tufanye kazi hapa hapa, bila kuwachafulia nyumbani kwenu.

Bibi tuliyemtaja yupo, ameketi pale na mama zetu. Tulimnunulia ndoo mpya. Ile ya zamani ndiyo hiyo mnayoiona mezani, tumeiosha vizuri, na ndiyo itakayopokea michango yenu.

Tunaomba kuwasilisha.