Moto wa Kuota Usiku: Mkaa au Kuni?

Ninasema nanyi, ndugu wanafunzi wa darasa la watu wazima, ninyi mlioko Kasulu na Kibondo, na wengine wote mnaonisikiliza. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mkaa, kuni, dohani. Dohani ni bomba la kutolea moshi nje, juu ya paa.

Nchi yenu ni ya vilima. Sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai, mbingu zikiwa hazina mawingu, joto la mchana hupotea upesi na usiku huwa wa baridi. Mtoto hulia, mzee hujikunyata. Ndipo watu huuliza: tuote moto gani ndani ya nyumba?

Tuseme mama mmoja wa Heru Juu amepika kwa jiko la mkaa. Makaa yamebaki mekundu, wala hayatoi moshi. Anaona ni hasara kuyazima. Analiingiza jiko chumbani, anafunga mlango na dirisha, kisha analala na watoto wake. Je, amefanya vema? Hapana. Watoto hao wanaweza kufa kabla ya asubuhi.

Sikilizeni sababu yake. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni hukufukuza. Hewa hii haikufukuzi. Ukiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa hewa safi. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala huenda asipate onyo lo lote. Wengine huweka karai la maji karibu na jiko. Maji hayaiondoi sumu hiyo.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, usikawie ndani, kisha mpelekeni hospitali au kituo cha afya. Msimpe maziwa mkidhani yatamponya. Sumu haiko tumboni; iko katika damu.

Basi, je, kuni ni salama? Kuni juu ya mafiga, katika chumba kilichofungwa, hutoa sumu ile ile, na moshi wake huumiza macho na mapafu. Lakini kuni zikiwaka katika jiko la udongo lenye dohani, moshi na sumu hupanda na kutoka nje. Udongo nao hushika joto, ukaendelea kulitoa hata baada ya moto kuzimika. Angalieni mambo mawili. Dohani isiguse nyasi za paa, maana nyumba itaungua. Tena isizibwe wakati makaa yangali mekundu, maana sumu itarudi ndani.

Sasa tufanye hesabu. Katika tanuri la kawaida la kufukia kwa udongo, kilo 8 hivi za kuni hutoa kilo 1 ya mkaa. Kilo 1 hiyo ina joto la karibu kilo 2 za kuni kavu. Toa 2 katika 8, zinabaki 6. Joto la kilo 6 limepotea porini kabla mkaa haujafika sokoni. Ni kweli, jiko zuri la mkaa halipotezi joto kama mafiga. Lakini kwa kuota moto ndani ya nyumba, kuni katika jiko la dohani ni bora.

Kuni hizo ziwe kavu. Zipasueni na kuzipanga chini ya upenu miezi kadhaa kabla ya baridi. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake mwenyewe.

Na asiye na dohani afanye nini? Aote moto nje au katika jiko lililo wazi, kisha aingie kulala bila moto. Azibe nyufa za ukuta zinazopitisha upepo. Watoto walale pamoja chini ya blanketi. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuviringishwa nguo, hutia joto kitandani wala haitoi sumu.

Kumbukeni jambo moja hili: jiko la mkaa halilali chumbani na watu.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini makaa yasiyo na moshi yanaweza kuua?
2. Kilo 40 za kuni zitatoa kilo ngapi za mkaa?
3. Nyumbani kwako, moshi hutokea wapi?