Nani alipe gharama za haki? Mazungumzo na familia zilizohamishwa kutoka Kiringye na viongozi wao



Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo familia nyingi zinakutana nalo zikiwa ugenini. Mtoto amekamatwa: nani atamlipa avoka, na nani atalipa gharama za mahakama? Wengi wenu mlitoka Kiringye na vijiji jirani mikono mitupu, wakati vita vya Desemba 2025 vilipofuata barabara ya kitaifa nambari 5, kutoka Kamanyola na Luvungi kuelekea Uvira. Aliyeacha shamba na mifugo nyuma hana cha kuuza ili amsaidie ndugu yake. Kwa hiyo tunataka kueleza mzigo huu ni wa nani, umepitia mikono ya nani, na tufanye nini ili usituletee ugomvi.

Sheria inasema nini

Katiba ya Congo ya tarehe 18 Februari 2006 iko wazi. Kifungu cha 17 kinasema kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe. Hakuna anayeweza kukamatwa kwa ajili ya kosa la mwingine. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na asikae kasho la polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mkubwa wa sheria anayehusika. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na mtetezi tangu uchunguzi wa polisi, siyo mahakamani tu.

Haki hizo ni ahadi ya serikali kwa raia. Mwenye kutoa ahadi ndiye mwenye kutafuta njia ya kuitimiza.

Mzigo ulivyohamishwa

Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya kazi ya mawakili iliagiza chama cha mawakili kiwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa watu wasio na uwezo. Ni jambo jema. Lakini kazi bila fedha haifiki mbali. Wakili anayepewa kesi ya maskini anahitaji nauli ya kutoka mjini, anahitaji kupata nakala za jalada na kurudi tena kesi ikiahirishwa. Serikali ikimwachia gharama hizo, imemhamishia mzigo wake.

Baadaye wakaja wafadhili. Katika Kivu ya Kusini, mashirika ya nje yalilipia mawakili wa wahanga na wa washtakiwa, pamoja na safari za mahakama zinazowafuata watu vijijini. Tunakumbuka Baraka, Februari 2011. Mahakama ya kijeshi iliketi huko kwa msaada wa namna hiyo, ikamhukumu luteni kanali wa jeshi la taifa miaka 20 kwa ubakaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Watu waliona kwa macho yao kwamba hata mwenye cheo anaweza kujibu.

Lakini msaada una mwisho. MONUSCO ilifunga kazi zake katika Kivu ya Kusini mwaka 2024. Mwaka 2025 Marekani ilikata fedha nyingi zilizosaidia kazi za haki mashariki mwa nchi. Mfadhili anapoondoka bila serikali kupokea kazi yake, mzigo unaanguka juu ya familia.

Majirani zetu wameanza kutafuta njia nyingine. Kenya iliweka sheria ya msaada wa kisheria mwaka 2016 na kuunda idara ya taifa ya kuusimamia. Tanzania, ambako wengi wetu tuliwahi kukimbilia, iliweka sheria yake mwaka 2017, ikawatambua pia wasaidizi wa sheria wasio mawakili. Hatusemi huko hakuna shida. Tunasema huko serikali imeandika jina lake kwenye mzigo.

Jambo hili linagusa amani

Chukueni mfano tunaoujua sote bondeni. Ng'ombe wameingia shamba la muhogo. Vijana wamepigana na mmoja ameumizwa vibaya. Polisi wanamkosa kijana, wanamchukua baba yake. Ukoo unachanga franga ili mzee atoke. Jamii ya aliyeumizwa inaposikia, haisemi "wamelipa kwa sababu ya umaskini wa sheria". Inasema "wamenunua kesi, serikali ni ya kabila lao". Wiki ijayo ni wao wanatafuta panga.

Tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja. Hatuwezi kusema mauaji yale yalitokana na gharama za mahakama. Lakini tunajua kwamba mahali ambapo haki ina bei, kisasi kinaonekana rahisi.

Tufanye nini

Kwa familia:

– Ndugu akikamatwa, andikeni siku na saa, mahali alipo, na kosa analoshtakiwa. Hesabuni saa 48.
– Msikubali mtu ashikwe badala ya mwingine. Mtajieni mkubwa kifungu cha 17, kwa heshima.
– Mkiambiwa kulipa faini au dhamana, ombeni hati ya malipo ya serikali. Pesa isiyo na hati haikuingia katika hazina. Na kwa kesi ya ubakaji, sheria ya 2006 hairuhusu faini ya kumalizia kesi polisi.
– Ombeni cheti cha umaskini katika ofisi ya mambo ya kijamii ya mahali mlipo. Kinasaidia kuomba kuondolewa gharama na kupewa wakili wa bure. Mhanga aliyeshinda kesi akihitaji pia, kwa sababu nakala ya hukumu hulipiwa, na asilimia ya fidia hudaiwa kabla ya kutekelezwa.

Kwa viongozi:

– Patanisheni watu juu ya mipaka ya mashamba na madeni. Mauaji na ubakaji si kazi ya baraza la kijiji.
– Wekeni daftari la watu waliokamatwa, wa jamii zote bila kuchagua. Daftari la kabila moja halitaaminiwa na mwingine.
– Waulizeni wabunge wenu swali moja: katika bajeti ya taifa, mstari wa wakili wa maskini uko wapi? Kifungu cha 149 cha katiba kinaipa mahakama bajeti yake ndani ya bajeti ya taifa. Mahali pa kuandika mstari huo papo.

Kwa wafadhili wanaosoma ukurasa huu, tunaomba msiondoke kama mtu anayeshusha mtungi njiani. Kubalianeni na serikali tangu mwanzo ni sehemu gani italipa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Katiba yetu imekataa neno hilo, na sisi tulikatae pamoja nayo. Tunaweza kusaidiana kubeba, lakini mwenye mzigo ni serikali, na tusichoke kumwita kwa jina.

Amani iwe nanyi, na siku ya kurudi Kiringye tukutane huko salama.