Waipsi Chooni na Kuziba kwa Mabomba katika Nyumba za Kupanga za Dar es Salaam

Mada ya semina ya wenye nyumba, wasimamizi wa nyumba za kupanga na mafundi bomba



Mafundi waliomo humu ukumbini watanishuhudia. Ukifunua chemba iliyoziba katika nyumba ya kupanga siku hizi, unaingiza fimbo, unazungusha, unavuta, na kinachotoka ni msokoto mrefu wa waipsi zilizojinyonga pamoja na nywele, uzi wa brashi na mafuta ya jikoni yaliyoganda. Ukizikunjua moja moja unaona hata michoro ya kiwandani bado ipo. Zimekaa kwenye maji taka wiki nyingi na hazijaachia hata uzi mmoja.

Nia yangu leo ni moja: kuwaomba wenye nyumba waache kulichukulia hili kama tabia mbaya ya wapangaji, walichukue kama sehemu ya ujenzi na uendeshaji wa nyumba. Nitaeleza kwa nini.

Karatasi na waipsi

Mezani hapa mbele kuna mitungi miwili ya kioo yenye maji. Katika mmoja nimetia karatasi ya chooni, katika wa pili waipsi ya mtoto. Karatasi ni nyuzi fupi za mti zilizoshikana zikiwa kavu. Zikilowa zinaachiana, na ukikoroga kidogo kwa kijiko unapata uji. Waipsi imetengenezwa kwa kusudi la kinyume chake. Nyuzi zake ni ndefu, zimefumana kwa nguvu, na katika aina nyingi zimo za poliesta au polipropilini, yaani plastiki. Hebu fikirini: pakiti hiyo imekaa dukani miezi mizima ikiwa imelowa, na mama anapoivuta waipsi haichaniki. Kitu kilichostahimili unyevu muda wote huo kitasambaratika vipi kwa dakika chache ndani ya bomba?

Baadhi ya pakiti zimeandikwa kwamba zinafaa kutupwa chooni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ryerson, Toronto, walipima bidhaa 101 za kutumia mara moja na kutupa, na 23 kati yake zilikuwa na maandishi ya namna hiyo. Hakuna hata moja iliyosambaratika kikamilifu. Mbili tu ziliachia kwa sehemu. London, yenye mitaro mikubwa ambayo mtu hupita ndani yake, mwaka 2017 ilikuta chini ya eneo la Whitechapel bonge la mafuta na waipsi lenye urefu wa mita 250 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 130. Bomba letu ni la inchi nne.

Safari fupi ya bomba letu

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mfumo wa majitaka wa jiji. Maji yanatoka chooni, yanapita kwenye chemba moja au mbili, yanaingia kwenye shimo lililo hapohapo uani. Kwa hiyo anayevuta maji na kuona waipsi imetoweka, hajaitoa nyumbani kwake. Ameihamisha kwa mita kumi au kumi na tano.

Humo njiani kuna vituo vyake. Cha kwanza ni kile kiwiko kilicho chini ya choo, kinachobaki na maji ili harufu isirudi ndani. Cha pili ni kila mahali bomba linapokata kona, hasa fundi akiwa ametumia kiwiko cha nyuzi 90 badala ya viwili vya nyuzi 45. Cha tatu ni maungio ambayo bomba lilikatwa kwa msumeno na ncha zake hazikusafishwa kwa tupa kabla ya kupakwa gundi. Nyuzi zinanasa pale kama ndoana. Cha nne ni chemba yenyewe ikiwa sakafu yake ni bapa. Chemba inatakiwa iwe na mfereji uliosilibwa vizuri kwa saruji, ili uchafu upite bila kutuama. Mteremko wa bomba nao ukiwa chini ya sentimita moja kwa kila mita, maji hupita polepole na kuacha vitu vizito nyuma.

Waipsi zikipita vituo vyote hivyo, zinaingia kwenye shimo. Kinyesi huoza na kupungua, plastiki haiozi. Waipsi hunasa kwenye bomba la kutokea kuelekea shimo la kunywea, shimo linaonekana limejaa kabla ya wakati wake, gari la kunyonya linaitwa. Likifika, bomba lake nalo linaziba, vijana wanaanza kuopoa taka kwa nondo zenye ndoano. Nasema hapa kwa msisitizo: mtu asiingie kamwe ndani ya shimo hilo kuopoa chochote. Hewa yake inaua kwa muda mfupi, na anayeruka kumwokoa mwenzake hufa naye.

Maji yakikatika

Kuna jambo naomba tulitafakari, kwa sababu sioni likisemwa. Sisi watu wa pwani tunachamba kwa maji. Waipsi zimeingia majumbani kwa njia ya mtoto mchanga, kisha wakubwa wakaziona zinafaa, na zinafaa zaidi siku ambazo maji hayatoki. Mgao ukiwa mkali, mama anaokoa ndoo yake ya mwisho kwa kupikia. Mtoto anasafishwa kwa waipsi, mkubwa naye vilevile. Siku hiyohiyo choo kinapata makopo mawili ya maji badala ya lita sita au tisa za tangi. Waipsi zinaongezeka wakati ambao nguvu ya kuzisukuma imepungua. Ndiyo sababu simu za mafundi huita sana baada ya maji kurudi: mtu anavuta tangi lililojaa kwa mara ya kwanza, na choo kinapanda juu.

Mpangaji huyo hakufanya uzembe. Alibana maji, kama tulivyomwambia abane.

Ndoo yenye kifuniko

Nimeona vyoo vingi vya nyumba za kupanga vyenye tangazo ukutani: "Usitupe taka chooni." Nageuka kutafuta ndoo ya taka, haipo. Sasa binti mwenye taulo ya kike iliyotumika aende nayo wapi? Apite nayo sebuleni mbele ya baba na wageni? Dada wa kazi aliyemshika mtoto kwa mkono mmoja na waipsi chafu kwa mkono mwingine aiweke wapi? Tangazo limewakataza bila kuwapa mahali pengine. Ndoo ndogo yenye kifuniko cha kukanyaga, mfuko ndani yake, na utaratibu wa kuitoa kila siku, gharama yake haifiki hata sehemu ya bei ya trip moja ya gari la kunyonya. Mwenye nyumba aiweke kama anavyoweka taa na kitasa, na anayetoa taka apewe glavu.

Pale inapowezekana, mtu awekewe maji karibu pia: simtangi la akiba lenye bomba la kufika chooni, na ule mpira wa mkono wa kujisafishia pembeni ya choo.

Dawa za kuzibulia nitazitaja kwa ufupi. Kostiki soda haiyeyushi plastiki. Inabaki kwenye maji yaliyotuama, na fundi anayekuja baadaye ndiye anayeunguzwa macho na mikono. Mkishaimwaga, mwambieni kabla hajagusa kitu.

Nani alipe?

Katika jengo la ghorofa maji taka hutokea kwa aliye chini kabisa. Wa ghorofa ya tatu anatupa, wa chini anapandishiwa uchafu sebuleni, kisha anaambiwa aite fundi kwa sababu choo kilichofurika ni chake. Huu ni uonevu, na wasimamizi wengi huunyamazia. Bomba la pamoja liwe gharama ya pamoja, na iandikwe hivyo kwenye mkataba.

Kwenu mafundi nina ombi. Mkizibua, msiharakishe kufungasha mlichokitoa. Kitandazeni kwenye plastiki kando ya chemba, msimamizi awaite wapangaji wote wakione, mpige picha, kisha andikeni kwenye daftari la nyumba tarehe, chemba ipi, na kilichotoka. Ikiziba tena baada ya miezi mitatu mahali palepale na kilichotoka ni kidogo, basi kosa ni la kiwiko au mteremko, na hapo mwenye nyumba ndiye wa kufukua.